Belti mpya ya pikipiki ya theluji: mnaizoesha vipi ndo isikatike mapema?

Mvuvi_wa_Duluth

Wasee habari zenu. Najua wengi humu mko Nairobi na Dar na hili swali litawachekesha kidogo, lakini najua pia watu wetu wako Canada, wako Finland, na huku Minnesota tumejaa, kwa hivyo mwenye anajua anisaidie.

Mwaka jana nilinunua pikipiki ya theluji ya mtumba, huku wanaiita sledi tu. Msimu wa kwanza ilienda sawa. Msimu huu imeshakula belti mbili. Ya kwanza sikujali juu ilikuwa nzee, nilinunua sledi nayo. Ya pili ndo imeniuma. Nilitoa karibu dola 180, mpya kabisa kwenye karatasi yake, nikaifunga Ijumaa usiku, Jumamosi asubuhi nikafunga lile sanduku la kuburuta nyuma, ndani kuna hema, keekee ya kutoboa barafu, jiko la gesi, maji, na rafiki yangu amekaa nyuma yangu na yeye si mtu mdogo, tukaingia Ziwa Vermilion kuvua. Siku hiyo ilikuwa nyuzi 13 chini ya sifuri kwa Fahrenheit, yaani kama 25 chini ya sifuri kwa ile yetu ya Selsiasi.

Hata kilomita 30 hatukumaliza. Nilisikia harufu ya mpira kama matatu imeshuka mlima na breki zimeshika, halafu paa! sledi ikasimama, injini inanguruma peke yake. Kufungua kifuniko nikakuta nyuzi zimejaa kila mahali kama katani. Tukavutwa na mzee mmoja mzungu mpaka ufukweni, na yule mzee aliniuliza kitu kimoja tu, eti ile belti uliizoesha? Nikabaki kumwangalia. Belti inazoeshwa? Si ni mpira?

Sasa nimeagiza nyingine na sitaki kuichoma. Kuna mwenye anajua hii mambo vizuri?

Kisauni_Moja

Mimi niko Kisauni, feni mbili zinanipuliza na bado jasho. Nyuzi 25 chini ya sifuri, mwatafuta samaki? Ndugu yangu rudi nyumbani uvue kwa dau kama watu. Haya endeleeni, nami nasoma.

Fundi_Alberta

Mkuu pole sana kwa hasara. Mi ni fundi, nilianzia Kariakoo kwenye skuta na bajaji, sasa nina miaka 11 huku Alberta na sledi nazifungua karibu kila siku wakati wa baridi, kwa hiyo ngoja nikueleze taratibu maana yule mzee alikuuliza swali la maana.

Sledi haina giaboksi ya kubadilisha gia kama pikipiki. Ina klachi mbili. Ya mbele imekaa kwenye krenki ya injini, ya nyuma ndo inapeleka nguvu kwenye treki, ule utando mpana wa mpira wa chini unaozunguka kwenye theluji, na kati yao hakuna kitu kingine isipokuwa huo mkanda. Ni mfumo uleule wa skuta za otomatiki. Ukivuta resi, vizito vilivyo ndani ya klachi ya mbele vinarushwa nje, puli, yaani yale masahani mawili ya klachi yanayoshika mkanda, inajibana, mkanda unapanda juu kwa mbele na unazama kwa nyuma, ndo unapata spidi. Sasa fikiria injini ina nguvu za farasi 120 au 150, zote zinapita kwenye mbavu mbili za mpira. Mgongo wa mkanda haufanyi kazi, tumbo halifanyi kazi, ni mbavu tu ndo zinashika.

Mkanda mpya unatoka kiwandani mbavu zake bado ngumu na hazijakaa sawasawa na uso wa puli zako. Tena unakuja na ule utelezi wa kwenye kalibu, wanapaka ili mpira usigande wakati wa kuutoa. Kwa hiyo siku ya kwanza eneo linaloshika ni dogo kuliko unavyodhani. Ukiubana kwa resi kubwa unateleza, ukiteleza unapata moto, ukipata moto ubavu unang'aa kama kiatu kilichopigwa kiwi, na ukishang'aa hivyo haurudi tena, kila ukivuta unateleza zaidi na kuchemka zaidi mpaka siku nyuzi zinachomoka pembeni. Kwa hiyo kuzoesha maana yake unaupa muda wa kujisugua polepole na kujipatanisha na puli, unachemka kidogo unapoa, unachemka kidogo unapoa.

Kitabu cha sledi yangu kinasema kilomita 50. Wenye vitabu vya maili wanaandika 30, ni kilekile. Katika hizo kilomita 50 usivute resi zaidi ya nusu, usiondoke kwa kurusha theluji, usikae spidi moja muda mrefu, panda shuka panda shuka, na usivute mzigo wowote nyuma. Nasema mzigo WOWOTE. Wewe ulifunga mkanda usiku, asubuhi ukaupa hema, jiko na jamaa mzima mzima.

Ila mkuu nikuambie ukweli, sidhani kama mkanda wako umekufa kwa kutozoeshwa peke yake. Kilomita 30 ni chache mno. Nina maswali. Sledi ililala wapi usiku ule, ndani au nje? Ulisafisha puli baada ya ule mkanda wa kwanza kukatika? Na ulipoufunga ulikaa vipi kwenye puli ya nyuma, ulizama au ulipanda juu?

Mvuvi_wa_Duluth

Fundi asante sana. Sledi ililala nje kwa trela. Puli sikusafisha, niliifuta tu na kitambaa mkono mmoja. Hiyo ya kukaa wapi kwa puli ya nyuma sikuangalia, kwani inaangaliwa?

Fundi_Alberta

Hahaha aisee. Sawa, tuanze na trela.

Sledi ikilala nje kwenye baridi hiyo treki inaganda. Theluji iliyoyeyuka jana inakuwa barafu kati ya treki na reli zake, na nyingine inashikana na sakafu ya trela. Asubuhi unawasha, unavuta resi, puli ya mbele inazunguka lakini treki haiendi, kwa hiyo mkanda umesimama na puli inausugua mahali pamojapamoja. Sekunde chache tu unakuwa umeshachimba bonde ubavuni. Baadaye ukiendesha utasikia sledi inadundadunda kwenye spidi ndogo, tuk tuk tuk, hilo ndo bonde lako linapita. Dawa yake ni kwamba kabla ya kuondoka unainua mkia wa sledi unauachia udondoke mara mbili tatu, unaitikisa kushoto kulia mpaka uone imejitenga, unaacha injini ipate moto dakika kadhaa, ndo unaanza kutambaa. Na mkanda wenyewe kwenye baridi unakuwa mgumu kama ubao, unataka kilomita moja mbili za upole kila asubuhi hata kama ni wa zamani.

Puli sasa. Mkanda ukichomeka unaacha mpira wake umejipika kwenye uso wa puli, na kitambaa hakiutoi. Chukua lile dodoki la kijani la kusugulia vyombo, jipya lisilo na mafuta, sugua nyuso zote nne, halafu futa kwa asetoni au spiriti na kitambaa safi mpaka kitambaa kitoke cheupe. Ukishamaliza usiguse tena na vidole vya grisi. Angalia pia nyuma ya klachi ya mbele kama kuna nyuzi zimejisokota pale, maana zikiingia kwenye sili ya krenki mkuu utakuja kuuliza swali jingine kabisa humu na halitakuwa la dola 180.

Mkanda wenyewe ukifika uoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, sugua mbavu kwa brashi ndogo, suuza, uache ukauke kabisa. Usiutie petroli wala thina, inalainisha mpira. Wapo watakaokuambia kuosha ni kupoteza muda, mi naosha, ni dakika kumi.

Ukiufunga, maandishi yakae unavyoweza kuyasoma ukiwa umesimama upande wa klachi, au kama una mishale fuata mishale, na ukishauendesha hivyo usiugeuze tena maisha yake yote. Halafu angalia nyuma. Mgongo wa mkanda uwe sawa na ukingo wa puli au uzidi kidogo, milimita moja au mbili, kipimo kamili kipo kwenye kitabu cha sledi yako. Ukizama umelegea, yaani ni kama unaondokea gia ya pili kila siku. Ukizidi sana unabana, utaona sledi inataka kutembea yenyewe injini ikiwa sailensa, yaani hujavuta resi.

Mkivu_Lapland

Jambo ndugu zangu. Miye ni mtu wa Bukavu, niko Finland ku Lapland, kazi yangu ni kuongoza watalii na hizi sledi, kila siku ya Mungu kuanzia mwezi wa kumi na mbili mpaka wa ine.

Fundi amesema vizuri, mimi naongeza kitu ya kazi yetu. Mkanda mupya hatuwekei mgeni hata siku moja. Tunauweka kwanza ku sledi ya kiongozi, mimi natembea nao siku mbili, njia ya msituni, spidi 30, 40, kupanda kidogo kushuka kidogo, na kila saa tunasimama kupiga picha au kunywa juisi ya moto basi mkanda unapoa. Kisha naufungua, naandika namba na tarehe na mshale kwa rangi nyeupe, ndio unaenda ku sledi ya mgeni ao unakaa kama spea. Sababu mgeni hajui resi ya kidole gumba kidogokidogo, yeye ni yote ao hakuna. Na tena mgeni anaogopa, anashika breki na resi kwa wakati moja! Hapo unasikia ile harufu mbele hata ya kugeuza kichwa. Breki ya kuegesha pia, wengine wanatembea nayo imefungwa kilomita nzima. Ukiona mkanda umekufa bila sababu uliza kwanza breki.

Huku sheria ni 60 njiani na 80 juu ya barafu ya ziwa, ndiyo maana mikanda yetu inaishi sana. Inayokufa mapema ni ya wale wa kuvuta mzigo polepole ndani ya theluji laini. Watu wanafikiri spidi ndio inaua. Hapana, mzigo muzito na mwendo mdogo ndio unaua, mkanda uko chini kabisa ku puli ya mbele, umeshika padogo, tena upepo wa kupoza hakuna.

Chuga_Anchorage

Mnamtisha bure mwenzenu. Mi niko Alaska mwaka wa sita huu, naweka mkanda, nawasha, naondoka resi yote, na mkanda wa mwisho umekwenda zaidi ya kilomita 3000. Hizi habari za kuosha na sabuni sijui kubembeleza kilomita 50 naona ni za watu wasio na kazi. Mkanda mbovu ni mbovu tu, mzuri ni mzuri.

Fundi_Alberta

@Chuga_Anchorage mkuu sikatai, una bahati na pengine una sledi nyepesi ambayo puli zake zimenyooka na hubebi kitu. Puli zikiwa safi na zimekaa kwenye mstari mkanda unasamehe mengi. Ila jamaa wa mbio ninaowafahamu mimi, ambao ndo wanavuta resi yote kuliko wewe, hawaingii na mkanda wa kwenye karatasi, wanauzoesha wiki iliyotangulia halafu wanauweka pembeni unasubiri siku. Siyo kwamba wana muda wa kupoteza.

Tena hapo umenikumbusha, kuna watu wanapima wakati wa kuzoesha. Unaendesha kilomita kumi, unazima, unafungua kifuniko, unaweka kiganja kwenye puli ya nyuma kwa uangalifu. Ukiweza kukiacha pale, mambo safi. Ukikitoa mbio kuna tatizo, na tatizo si mkanda, ni kitu kingine kinachouchemsha. Mi natumia kile kipima joto cha mionzi kama cha bunduki, kwa mkanda nikiona unakaribia nyuzi 80 za Selsiasi napumzika. Ukifungua kifuniko injini iwe IMEZIMWA jamani, nimeona glavu ikiliwa na klachi na mwenye glavu alikuwa na bahati sana.

Mama_Posho_Eldoret

Mimi sina theluji lakini nina posho mill na hii mazungumzo imenipendeza. Kwetu belti mpya ukifunga leo lazima kesho urudi ukaze mota, juu inanyooka kidogo masaa ya kwanza. Usiporudi inaanza kuteleza, unasikia harufu, na unga hautoki. Wafanyikazi walikuwa wanapaka sabuni ya kipande ndo isilie. Nilikataza. Je hiyo ya sledi inakazwa pia?

Fundi_Alberta

Mama shikamoo. Kanuni ni ileile ila huku hakuna mota ya kusogeza nyuma. Puli ya nyuma ndo ina sehemu ya kurekebisha, kwenye sledi nyingi ni boliti au washa, unaifungua au kuifunga kidogo mpaka mkanda ukae kwenye ule ukingo. Na ni kweli baada ya kuzoesha unaangalia tena maana mkanda unakuwa umejikalia. Sabuni ya kipande, nta, dawa za kunatisha mkanda, vyote marufuku kwenye sledi. Ule mkanda lazima uteleze juu na chini kwenye puli kila ukibadilisha resi, ukiunatisha umeuua. Ulifanya vizuri kukataza.

Mvuvi_wa_Duluth

Watu wangu nimerudi, wikendi mbili zimepita.

Kwanza Fundi nakutolea kofia. Nilisugua puli, ilitoka uchafu mweusi kama masizi ya sufuria ya githeri, dodoki tatu nimemaliza. Uzi ulikuwa umejisokota nyuma ya klachi ya mbele kama ulivyosema, nilitoa na koleo, sili iko salama. Lakini sasa sikiza hii. Wakati nasugua niliona nikisukuma injini inacheza. Raba moja ya kushikilia injini imepasuka kabisa, yaani kila nikivuta mzigo injini inarudi nyuma, puli ya mbele inapinda na belti inalegea. Kumbe hata ningeizoesha kama mtoto mchanga ingeungua tu! Yule aliniuzia alisema iko "tayari kwa ziwa", wacha tu. Raba zote mbili za mbele nimebadilisha, bei ilikuwa chini ya nusu ya belti.

Belti nimeosha. Bibi yangu alinikuta jikoni nasugua belti na brashi kwa sinki, akasimama, akaniangalia, akaenda zake bila kusema neno. Nimefunga, maandishi yanasomeka, nyuma imepanda kama milimita moja na nusu. Jumamosi niliendesha 25, nikapumzika mpaka ikapoa kabisa, Jumapili 30 zingine. Peke yangu, bila sanduku. Ni ngumu wasee, unaona barafu imenyooka kilomita nzima mbele yako na kidole kinawasha. Mkono nimeweka kwa puli, nimeuacha, hakuna shida.

Wikendi hii nimevuta sanduku na vitu nusu, rafiki yangu amekuja na gari yake upande mwingine wa ziwa. Nimefikisha kilomita 210 na mbavu ukiangalia hazing'ai, ziko na ule weusi wa kawaida. Swali langu la mwisho, nimenunua ya pili ya spea. Niiweke tu kwa karatasi yake chini ya kiti?

Mkivu_Lapland

Hapana ndugu. Spea ambayo haijazoeshwa si spea. Siku ile mkanda ulioko ku klachi unakatika utakuwa mbali, mzigo nyuma, giza linaingia, na utaweka mkanda mupya kabisa na kuvuta mzigo nao mpaka nyumbani. Yaani unarudia ile siku yako ya mzee mzungu. Izoeshe sasa kilomita 50, ifungue, andika mshale, ndio uweke. Na usiikunje kama mkanda wa suruali, iache kwa umbo yake pana, ikikaa imekunjwa miezi mingi inashika ile kona haitoki tena.

Chuga_Anchorage

Hili la spea nakubali. Mi mwenyewe ya kwangu ipo kwenye karatasi tangu mwaka juzi, ngoja kesho nikaitoe.

Fundi_Alberta

😂 Karibu kundini mkuu. Na mwezi wa nne ukimaliza msimu utoe mkanda kwenye klachi kabisa, ukae ndani pakavu, usiuache umebanwa pale kiangazi kizima.

Mvuvi_wa_Duluth

Sawa, Jumamosi naanza kuzoesha ya spea. Mwenye yuko Duluth au hata Brooklyn Park na ana hamu aje, keekee ziko mbili na hema inatosha wanne.

Kisauni_Moja

Swali la mwisho kutoka kwa feni. Hao samaki mwawala vipi, ama mwawapiga picha mkawarudisha majini?

Mvuvi_wa_Duluth

Tunawapaka. Nazi ya kopo lakini.

Kisauni_Moja

Ya kopo! Haya, mngezoesha na nazi pia.